Metali Nafuu, Umeme wa Vipindi: Mjadala wa Natta

Kata ya Natta, wilayani Serengeti, imekaa kati ya madini ya aina mbili. Kaskazini, huko Nyamongo wilayani Tarime, mgodi wa North Mara unachimba dhahabu tangu 2002. Magharibi, ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kabanga wilayani Ngara, kuna nikeli iliyojulikana tangu miaka ya 1970 na ambayo kwa karibu nusu karne imekaa ardhini ikisubiri mtaji. Dhahabu, Mara inaijua kwa neema yake na kwa machungu yake. Nikeli inaijua kwa kuisikia kwenye taarifa ya habari.

Haidrojeni inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua au wa mabwawa inatajwa siku hizi kuwa njia ya kutengeneza mbolea pasipo gesi asilia. Ili itoke kwa bei ambayo mkulima anaimudu, metali za thamani, yaani platini na iridiamu, hazina budi kuipisha nikeli, chuma, kobalti na molibdeni. Je, kazi ya kuziboresha metali hizi nafuu ni yetu pia, au tuwaachie wenye maabara kubwa, tusubiri mtambo ukiwa tayari?

Wanaozungumza hapa ni misimamo minne ambayo jambo hili huizusha kila likitajwa. Sikuwarekodi watu fulani. Mwalimu alifundisha kemia sekondari hadi alipostaafu. Mtafiti ni binti wa Natta anayesoma sayansi ya vifaa Arusha. Fundi anahudumia sola na jenereta katika kambi za watalii upande wa Ikoma. Mama analima mahindi na mtama, na ana ng'ombe. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU: Tuanze na kemia, kwa kifupi. Ukipitisha umeme kwenye maji, haidrojeni inatoka kwenye elektrodi hasi na oksijeni kwenye elektrodi chanya. Nicholson na Carlisle walilifanya jambo hilo London mwaka 1800, mara tu habari za betri ya Volta zilipofika Uingereza. Vitabu vinasema volti 1.23 zinatosha kuyatenganisha maji. Ukijumlisha na joto linalodaiwa na mmenyuko wenyewe, zinakuwa 1.48. Mtambo wa kawaida unakula karibu volti 2. Ziada hiyo inageuka joto, na sehemu yake kubwa inapotelea juu ya uso wa elektrodi, pale atomu zinapoachana na kukutana upya. Kichocheo ni metali inayowekwa usoni hapo ili ziada ipungue.

MAMA: Ziada hiyo kwa uniti za LUKU ni ngapi, Mwalimu? Mimi sinunui volti.

MTAFITI: Mama, kila sehemu moja ya kumi ya volti ni karibu uniti 2.7 kwa kilo moja ya haidrojeni. Mtambo wa volti 2 unakula uniti 53 kwa kilo. Ukishuka hadi 1.8 unakula 48. Na kichocheo hata kiwe bora namna gani, uniti 39 na kitu hazikwepeki, kwa sababu hiyo ndiyo nishati inayobaki ndani ya haidrojeni yenyewe.

FUNDI: Tusizipite hesabu hizo haraka, dada, maana kwangu zimeshamaliza kesi. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kuigeuza naitrojeni hiyo iwe amonia kunahitaji karibu kilo 5 za haidrojeni. Kwa uniti 53 kila kilo, ni uniti 265 kwa mfuko mmoja, kabla hujagusa hatua nyingine yoyote ya kiwanda. Bei ya TANESCO kwa mteja wa kawaida, wa T1, ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi. Piga mwenyewe: zaidi ya shilingi 77,000. Sasa njoo na kichocheo kipya kilichopunguza sehemu mbili za kumi za volti, kazi ya miaka mingi ya maprofesa. Umeokoa uniti 26 na nusu, shilingi 7,700 hivi. Bado Mama anadaiwa kama 69,000 za umeme mtupu. Kichocheo hakizalishi umeme. Anayetaka mbolea ya bei nafuu ashushe bei ya umeme kwanza, akimaliza ndipo aje kuzungumza nikeli.

Hesabu ya Fundi ni sahihi, na inafaa isomwe na kila anayeandika kwamba kichocheo fulani "kitaleta mapinduzi". Niliirudia mwenyewe kwa kalamu, na kosa sikuliona. Ninachokataa ni pale anapoifanya kuwa hukumu, kwa maana bili ya umeme ni nusu tu ya habari.

MWALIMU: Hesabu yako haina kasoro, mura. Ila umetazama umeme peke yake, hukutazama bei ya mtambo. Ndiko metali za thamani zinakotubana. Paul Sabatier, Mfaransa aliyepata Nobel ya Kemia mwaka 1912, alionyesha kwamba kichocheo kizuri hushika kwa kiasi. Fikiria stendi ya Mugumu: basi lisiposimama, abiria hapandi, likisimama kutwa nzima, hakuna anayefika. Metali isiyoishika kabisa atomu ya haidrojeni haifanyi kazi, na inayoing'ang'ania haiiachi itoke. Platini inashika kwa kiasi kinachokaribia kuwa sawasawa. Mwaka 1972 Sergio Trasatti, mwanakemia wa Milano, alizipanga metali kwenye mchoro kwa nguvu ya mshiko wake, ukatoka umbo la mlima. Platini iko kileleni, nikeli iko ubavuni, na dhahabu, pamoja na thamani yake yote sokoni, imekaa mbali na kilele kwa sababu ya mshiko wake legevu.

MAMA: Kwa hiyo dhahabu yote ya Nyamongo haipasui hata ndoo moja ya maji.

MWALIMU: Itapasua, kwa hasara. Na tazama viumbe hai wanavyofanya bila senti ya platini. Kwenye tumbo kubwa la ng'ombe wako, lile la kucheulia, kuna bakteria wanaotoa haidrojeni usiku na mchana kwa vimeng'enya vyenye chuma. Vijidudu vingine mle ndani vinaichukua kwa vimeng'enya vya nikeli na chuma na kuigeuza methani, ndiyo gesi anayoicheua. Kwenye jani la mahindi kuna manganizi nne na kalsiamu moja zinazoyapasua maji kwa jua. Kazi zote mbili, ya haidrojeni na ya oksijeni, zinafanyika shambani kwako kwa metali za kawaida kabisa.

FUNDI: Jani halidumu, Mwalimu.

MTAFITI: Ni kweli, halidumu, na hilo linanivutia kuliko yote. Jua likiwa kali, ile protini inayobeba manganizi huharibika ndani ya nusu saa hivi, na jani linaijenga tena, siku nzima, bila kusimamisha kazi. Mwaka 2008 Matthew Kanan na Daniel Nocera wa MIT walitengeneza kichocheo cha kobalti na fosfeti chenye tabia ya namna hiyo: kobalti ikiyeyuka ndani ya maji, umeme unairudisha ikae usoni tena. Metali nafuu zinaharibika, hakuna anayebisha. Nikija kwenye hoja yangu nitalirudia hili la kujirudishia.

MWALIMU: Mweleze kwanza Mama kuhusu iridiamu.

MTAFITI: Upande wa oksijeni ndiko kwenye taabu zaidi, Mama. Kuna mitambo ya utando wa asidi, midogo na myepesi, inayopanda na kushuka haraka kulingana na jua. Lakini ndani ya asidi nikeli na chuma huyeyuka. Kinachovumilia huko ni iridiamu. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba megawati moja inahitaji kama kilo 0.7 ya iridiamu na kilo 0.3 ya platini. Dunia nzima hutoa tani 7 au 8 tu za iridiamu kwa mwaka, nyingi yake Afrika Kusini, nayo hupatikana pembeni wakati watu wanachimba platini. Ukiichukua yote, kila gramu, utapata mitambo ya megawati 11,000 hivi. Nikeli ya dunia inazidi tani milioni 3 kwa mwaka. Mtambo wa alikali, ambamo nikeli haiyeyuki kama kwenye asidi, unakula karibu kilo 800 za nikeli kwa megawati, na kilo hizo unaweza kuziagiza kesho.

FUNDI: Kwa hiyo mtambo wa nikeli upo tayari.

MWALIMU: Upo tangu enzi za babu zetu. Wanorwe wa Rjukan walikuwa na mitambo mikubwa ya alikali mwishoni mwa miaka ya 1920. Afrika nayo haikubaki nyuma: kiwanda cha KIMA cha Aswan, Misri, kilianza mwaka 1960 kwa umeme wa bwawa. Kwekwe, Zimbabwe, Sable Chemicals ilitoa haidrojeni kwenye maji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuwapa wakulima wa mahindi mbolea ya naitrojeni kwa miaka zaidi ya 40. Chuma na nikeli vilifanya kazi hiyo.

FUNDI: Na mitambo ya Kwekwe ilikufa kwa nini?

MWALIMU: Ilizimwa mwaka 2015. Umeme wa nchi ulikuwa hautoshi.

FUNDI: Umeme. Elektrodi zilikuwa nzima, umeme ukakosekana. Mnaniongezea ushahidi, wazee wangu.

MTAFITI: Nipe nafasi, kaka. Kwekwe na Aswan zilijengwa kwa umeme usiolala. Mtambo uliwashwa ukaachwa ukinguruma mwezi baada ya mwezi. Umeme tutakaoupata sisi kwa bei ya chini hauko hivyo. Wa jua unaamka saa moja asubuhi na kuzimika jioni, na wingu likipita unayumba. Wa mabwawa nao unakuja kwa misimu: bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na Machi 2024, mtambo wake wa kwanza ulipokuwa umeanza na mvua ni nyingi, TANESCO ilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Umeme kama ule, uliokosa mnunuzi, ndio unaoweza kuuzwa kwa bei ya chini. Lakini unakuja kwa vipindi. Sasa mtambo wa bei mbaya, wenye iridiamu, hauwezi kukaa ukisubiri umeme wa ziada. Lazima ufanye kazi saa zote ili ulipe deni lake. Mtambo wa metali nafuu unaweza kumudu kulala usiku. Kwa hiyo unapodai umeme wa bei ya chini kwanza, unadai mtambo wa nikeli pasipo kujua.

FUNDI: Haya, hapo umenibana kidogo. Lakini ninavyojua, nikeli haipendi kuzimwa.

MTAFITI: Haipendi kabisa. Ukizima, elektrodi mbili zinabaki na chaji zilizohifadhi, na mtambo unageuka kuwa betri kwa muda. Mkondo unarudi kinyume. Upande uliokuwa unatoa haidrojeni unaanza kuoksidishwa. Nikeli inavaa gamba la hidroksidi, na ikiwa umeichanganya na molibdeni ili iwe na kasi zaidi, molibdeni inayeyukia kwenye alikali. Asubuhi unawasha, volti imepanda kidogo. Rudia hivyo kila siku.

Hapa ndipo penye fundo la mjadala mzima. Metali nafuu ndiyo inayofaa umeme wa vipindi, kwa kuwa haina deni kubwa la kulipa. Na metali hiyohiyo ndiyo inayoumizwa na umeme wa vipindi. Anayetafuta kichocheo kwa ajili ya Natta, au Dodoma, au Marsabit, anatafuta kitu kinachostahimili kuzimwa na kuwashwa, na kama ziada ya volti ni kubwa kidogo kuliko ile ya platini, atavumilia. Tulishaona kwamba sehemu mbili za kumi za volti ni shilingi 7,700 kwa mfuko. Mtambo unaokufa mwaka wa tatu unapoteza zaidi ya hapo. Lakini majarida ya kemia, kwa miaka mingi, yamekuwa yakishangilia volti.

MWALIMU: Binti, nimesikia kila mwezi kuna kichocheo kipya "kinachoishinda platini". Hapo unasemaje kuhusu wenzako?

MTAFITI: Nasema wengi wanapima kitu ambacho kiwandani hakipo. Kipimo kilichozoeleka ni miliampea 10 kwa kila sentimita ya mraba. Namba hiyo ilitoka kwenye hesabu za paneli za jua zinazopasua maji moja kwa moja, ikabaki kuwa mazoea. Mtambo wa alikali wa kiwandani unabeba 200 hadi 400, na mipya inazidi hapo. Maabara inatumia alikali nyepesi kwenye joto la chumba. Kiwanda kinatumia alikali ya asilimia 25 hadi 30 kwenye nyuzi 70 hadi 90. Maabara inatangaza uimara wa saa 24, au 100. Mwaka mmoja una saa 8,760, na mtambo unatarajiwa kufikisha saa 60,000 au zaidi.

Tena kuna kosa lingine, hili linaniuma. Watu wanapima kichocheo cha nikeli huku elektrodi ya pili kwenye chombo ni ya platini. Platini inayeyuka kidogokidogo, inasafiri ndani ya maji, inajibandika juu ya nikeli. Baada ya siku mbili kichocheo "kimeimarika" na mtafiti anafurahi. Amepima platini.

FUNDI: Hilo nisingelijua. Na linanipa hofu zaidi ya kuweka fedha ya nchi kwenye utafiti wa namna hiyo.

MTAFITI: Mimi linanipa ujasiri. Sikiliza kisa cha chuma. Kwa miongo mingi vitabu vilisema oksidi ya nikeli ni kichocheo kizuri cha oksijeni. Mwaka 1987 Dennis Corrigan alionyesha kwamba chuma kidogo sana kikiingia kwenye nikeli, kinaibadilisha kabisa. Mwaka 2014 kundi la Shannon Boettcher, Chuo Kikuu cha Oregon, liliisafisha alikali hadi chuma chote kikaondoka. Nikeli iliyobaki peke yake ikawa kichocheo dhaifu. Sifa yote ile ilikuwa ya uchafu wa chuma uliokuwamo ndani ya chupa za dawa za maabara, chini ya sehemu moja katika milioni, na wengi hawakuuona kwa sababu hawakuutafuta. Leo mchanganyiko wa nikeli na chuma ndio bora tulio nao kwenye alikali kwa upande wa oksijeni. Ugunduzi huo ulihitaji alikali safi, mizani nzuri, na watu waliokataa kuamini chupa. Gharama yake si ya kutisha kwa chuo chetu chochote chenye nia.

Napenda kisa hiki kwa sababu kinatoa jibu kwa wale wanaosema sayansi ya aina hii inataka mabilioni ndipo ianze. Sehemu fulani inataka. Darubini za elektroni zinataka, na kompyuta kubwa za kukokotoa nguvu ya mshiko zinataka. Lakini kuwasha na kuzima elektrodi kwa mwaka mzima na kuandika volti kila asubuhi pasipo kudanganya kunataka subira, na kunataka jua halisi. Kazi hiyo ina uhaba mkubwa duniani, maana mwanafunzi wa uzamivu kwenye maabara kubwa anatakiwa achapishe haraka, na jaribio la miezi kumi na mbili halimpi makala sita.

MAMA: Mimi nina swali ambalo hamjaligusa. Mnasema nikeli inapatikana. Inapatikana kwa kuchimbwa. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini Nyamongo yakaingia Mto Tigithe, na watu wa kule hawajasahau. Nikeli ya Ngara itachimbwa kwenye mwamba wa namna gani?

Kimya cha Mwalimu kilikuwa kirefu, na ninamwelewa.

MWALIMU: Kwenye mwamba wa salfaidi, Mama. Nikeli, shaba na kobalti zimefungwa pamoja na salfa na chuma. Mwamba wa salfaidi ukitolewa chini ukakutana na hewa na maji, unatengeneza asidi ya salfa. Kemia iliyouharibu mto ule ndiyo hiyohiyo. Ikiachwa, itafanya Ngara kile ilichofanya Tarime.

MAMA: Basi haidrojeni yenu mnayoiita safi ina mto wake mchafu mahali fulani.

MTAFITI: Inao, kama hatutauzuia. Sitakubishia. Naweza kusema mambo mawili. Nikeli haichomwi kama mafuta. Elektrodi ikichoka, metali yake bado ipo karibu yote, inaweza kuyeyushwa na kutumika tena. Na kichocheo bora kinapunguza kiasi. Hizo kilo 800 kwa megawati ni kwa sababu sahani nzima na wavu wote ni nikeli. Kama kazi inafanywa na ngozi nyembamba ya nikeli na chuma juu ya bati la chuma cha kawaida, kwa nini mwili wote uwe nikeli? Ukiniuliza uboreshaji ni nini, huo ni mmoja. Kila kilo tusiyoihitaji ni mwamba uliobaki chini Ngara.

MAMA: Hilo la pili nimelipokea. La kwanza nitaliamini nikiona mtu anayenunua elektrodi mbovu.

FUNDI: Mama ana haki. Mpango uliotangazwa ni nikeli ya Kabanga isafishiwe Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi, na serikali ina hisa asilimia 16, kama ilivyo North Mara. Lakini sijasikia popote ikitajwa elektrodi. Kinachotajwa ni betri za magari ya nje.

MWALIMU: Na betri zitabaki kuwa mnunuzi mkubwa, hilo tusijidanganye. Elektrodi zinahitaji kidogo. Ila kidogo hicho kikibaki Kahama na kufika kwenye karakana ya Mwanza, tutakuwa na kitu ambacho dhahabu haikutupa kwa miaka yote hii.

MAMA: Na kupikia? Serikali inasema hadi 2034 asilimia 80 yetu tuwe tunapika kwa nishati safi. Haidrojeni hiyo siwezi kuipikia?

FUNDI: Usidanganywe, Mama. Unaingiza uniti 53, unapata moto usiofika uniti 40. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kwenye kupika, umeme upite moja kwa moja. Haidrojeni tuiachie mbolea, ambako hakuna njia ya mkato.

Hapo wote wanne wanakubaliana, nami nakubaliana nao. Ningependa kila kikao cha haidrojeni Afrika Mashariki kianze kwa kusema hivyo, kingeokoa muda.

MAMA: Sasa nipeni mbolea kwa kipimo ninachokijua. Mtambo wa kukaa hapa Natta, mdogo, utanipa nini?

MTAFITI: Chukua paneli za kilowati 100. Kwa saa tano za jua kali ni uniti 500 kwa siku. Hizo zinatoa haidrojeni kilo 9 na nusu hivi, naitrojeni ya karibu mifuko miwili ya urea. Maji safi yanayoingia ndani ni lita 85 kwa siku, na zaidi kidogo kwa kuyasafisha, kwa kuwa chumvi ya kisima haitakiwi kufika kwenye elektrodi. Kenya wamelenga kubwa kuliko hivyo: mwaka 2023 kampuni za Talus na Kenya Nut zilitangaza mtambo wa amonia karibu na Naivasha, paneli za megawati 2.1, tani moja kwa siku.

MAMA: Lita 85 ni ndoo nne na kitu. Mwezi wa nane hapa, ndoo nne zina wenyewe.

FUNDI: Na nani atautengeneza ukiharibika? Hapo nakiri jambo, Mwalimu. Mtambo wa utando wa iridiamu nisingethubutu kuufungua. Ukivunja kitu kimoja umevunja bei ya nyumba. Huu wa alikali ni sahani, wavu, mipira ya kuzibia na bolti. Naweza kuufungua. Ninachotaka kujua ni kama ile ngozi ya kichocheo inaweza kurudishiwa hapa nchini, au lazima elektrodi ipakiwe ndege.

MTAFITI: Inaweza. Njia ya Murray Raney ina miaka mia: unachanganya nikeli na alumini, unaipaka kwenye wavu, kisha unaiosha kwa alikali kali. Alumini inatoka, nikeli inabaki na vitundu vingi mno, uso wake ukawa mkubwa maradufu kwa maradufu. Chuma unaweza kukiongeza kwa kukitia kidogo ndani ya alikali yenyewe, umeme ukakipeleka kinakotakiwa. Hiyo ndiyo maana yangu niliposema kujirudishia. Badala ya kutafuta ngozi isiyochakaa kamwe, tutafute ngozi inayorudishiwa usiku mmoja na fundi wa wilaya.

FUNDI: Basi sharti langu ni hili. Sitaki kusikia volti ya siku ya kwanza. Miaka kumi ni mizimo 3,650, bila mawingu. Ukizima na kuwasha mara 3,650 ukaniletea daftari, nitakusikiliza.

MTAFITI: Kwa dakika kumi za kuwaka na dakika kumi za kuzima, ni siku 51. Arusha tunaweza kuimaliza kabla ya muhula kwisha.

FUNDI: Dakika kumi si usiku, dada. Umesema mwenyewe mkondo unarudi kinyume na gamba linaota. Linaota kwa dakika kumi au kwa saa kumi na mbili? Elektrodi inayolala usiku mzima kwenye alikali inayopoa haifanani na inayosinzia.

MTAFITI: ...Hapana, haifanani. Na kusema kweli makala nyingi nilizosoma zinasinzia tu.

MWALIMU: Basi fanyeni zote mbili. Ya haraka Arusha, ili mjue ngozi ipi itupwe mapema. Ya usiku kamili ifungwe hapa Natta, elektrodi ndogo za ukubwa wa kiganja, ya nikeli tupu, ya nikeli na chuma, na ya nikeli na molibdeni, kila moja na mwenzake wa nikeli, platini isiwepo hata kwenye waya. Ianze kabla ya mvua za vuli, ipite masika, ifike kiangazi. Fundi aandike volti kila jua likichomoza. Na daftari lichapishwe hata kama zote tatu zimekufa.

FUNDI: Kuandika nitaandika. Kila siku, hata Krismasi.

MAMA: Paa langu linatosha paneli, na watoto nitawakataza wasiguse. Lakini maji ya kuongezea mtayaleta wenyewe kuanzia mwezi wa saba, na alikali ikishachoka mtaichukua mkarudi nayo Arusha. Haitamwagwa korongoni.